Mwenye Mali Anapoambiwa Hajui Hesabu

Katika mkutano mkuu wa chama cha akiba na mikopo ambacho mimi ni mwanachama, mama mmoja muuza samaki alinyoosha mkono, akapewa nafasi, akauliza juu ya kiwanja. Kiwanja hicho kilinunuliwa na bodi iliyokuwa inamaliza muda wake. Mama alitaka kujua ni nani aliyekichagua, na kwa nini bei iliyolipwa ilizidi ile ambayo wanachama waliiidhinisha katika mkutano uliotangulia. Hakutaja jina la mtu wala hakumwita mtu mwizi. Aliuliza, akabaki amesimama kungoja jibu. Mwenyekiti akamjibu kwa upole: "Mama yangu, hesabu zimekaguliwa, tumepata hati safi. Hayo mengine ni mambo ya kitaalamu, tuwaachie wataalamu." Ukumbi ukapiga makofi, na yule mama akaketi.

Nikasimama kumuunga mkono. Nilisema kwamba huko Athens, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, mtu aliyeshika wadhifa hakuruhusiwa kwenda zake bila kutoa hesabu mbele ya raia, na aliyemuuliza hakutakiwa kwanza aonyeshe cheti. Mjumbe mmoja wa bodi, mtu aliyesoma hasa, akanijibu kwamba Mgiriki Plato aliandika kuwa meli haiendeshwi kwa kura za abiria. Makofi yakapigwa tena. Tukahamia kwenye ukomo wa madeni, na bodi ikaagwa kwa zawadi.

Tangu siku ile sijaacha kubishana na mjumbe yule moyoni mwangu, na ninayoyaandika hapa ni sehemu ya ubishi huo. Demokrasia ni nini, siasa ni nini, maadili ni nini: hayo tumeyakariri tangu shuleni, nami sina haja ya kuyarudia. Nashika wazo moja tu kati ya yale waliyotuachia Wagiriki, na kwa maoni yangu ndilo tunalolihitaji kuliko mengine yote. Wazo lenyewe ni kwamba madaraka hayaishi siku muda wake unapokwisha. Yanaisha siku aliyekuwa nayo anapotoa hesabu, na waliompa wakaikubali.

Tukifundishwa juu ya Athens, tunafundishwa kura. Watu wa Athens wenyewe hawakuipa kura uzito huo. Nyadhifa nyingi walizigawa kwa bahati nasibu, na Aristotle, katika kitabu chake cha Siasa, anaeleza kwamba kuteua viongozi kwa kuwachagua kulihesabiwa kuwa desturi ya utawala wa wachache. Mwanahistoria Herodotus naye, anapowaweka Waajemi watatu wabishane ni utawala gani ulio bora, anamfanya mtetezi wa utawala wa wengi ataje alama tatu: nyadhifa zigawiwe kwa bahati nasibu, mwenye wadhifa awajibike kutoa hesabu, na mashauri yote yapelekwe mbele ya umma. Uchaguzi haumo katika orodha hiyo. Sisi tumechukua kile ambacho hakimo, tukakifanya kuwa kitu chote, na kile cha katikati tumekiachia wakaguzi.

Nitaeleza utaratibu wao ulivyokuwa, kwa sababu nguvu ya wazo hili imo katika utaratibu wenyewe. Muda wa mtu ulipokwisha, ndani ya siku 30 ilimpasa kupeleka hesabu zake kwa wakaguzi kumi waliopatikana kwa bahati nasibu. Wakaguzi hao walizipitia tarakimu, kisha wakazipeleka mbele ya mahakama ya raia 501. Aliyethibitika kuiba fedha za umma alilipa mara kumi ya alichoiba, na mla rushwa hali kadhalika. Aliyeitia hasara mali ya umma bila kuiba alilipa kiasi hicho hicho cha hasara, na akichelewa kulipa deni likawa maradufu. Mpiga mbiu alisimama akauliza kwa sauti: nani anataka kumshitaki?

Hiyo ilikuwa nusu ya kwanza. Nusu ya pili ndiyo inayonigusa zaidi. Kulikuwa na wasikilizaji wengine kumi, mmoja kwa kila kabila la mji, kila mmoja akiwa na wasaidizi wawili. Kwa siku chache baada ya hesabu kupita mahakamani, hao waliketi sokoni saa za watu kufanya biashara, kila mmoja kwenye sanamu ya shujaa wa kabila lake. Raia mwenye lalamiko alikwenda na kibao kilichopakwa chokaa, akaandika jina lake, jina la aliyemlalamikia, kosa, na adhabu aliyoona inafaa. Lalamiko halikulazimika kuwa la fedha. Tarakimu zinaweza kuwa sawa hadi senti ya mwisho, na bado mtu akaja na kibao kusema: huyu alipokuwa na madaraka alinionea.

Na wigo wa utaratibu huo ulikuwa mpana. Msemaji Aeschines, alipomshitaki raia mwenzake Ctesiphon mwaka 330 KK, aliwakumbusha waamuzi kwamba hata makuhani, wanaume kwa wanawake, walitoa hesabu, ingawa kazi yao ilikuwa kupokea sadaka na kuwaombea watu kwa miungu. Mtu ambaye hakushika hata shilingi ya umma alitakiwa aandike hivyo hivyo: sikupokea wala sikutumia. Na mtu ambaye hajamaliza kutoa hesabu hakuruhusiwa kusafiri nje, wala kuweka mali yake wakfu, wala kuandika wosia. Alikuwa bado yumo mikononi mwa wenzake. Pericles, ambaye vitabu vyetu humwita baba wa zama za dhahabu za Athens, alivuliwa ujemadari na kutozwa faini mwaka 430 KK, vita na tauni vikiwa vinauchoma mji. Muda si mrefu baadaye walimchagua tena. Hawakuona aibu kufanya yote mawili.

Basi katika kutoa hesabu kuna maswali mawili, na watu wa Athens waliyakabidhi kwa makundi mawili tofauti ya watu wayapokee. La kwanza: je, tarakimu zinakubaliana? La pili: je, ulifanya vema kufanya ulichofanya? Hati safi ni jibu la swali la kwanza. Mkaguzi anathibitisha kwamba vitabu vimeandikwa kwa kufuata kanuni na havipotoshi hali ya fedha. Hakutumwa kuuliza kama kiwanja kilihitajika, wala kama muuzaji ana undugu na aliyenunua. Wakaguzi wenyewe hawajawahi kudai kwamba hati yao inamaanisha hakuna ubadhirifu, na ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali inaweza kuipa halmashauri hati safi na papo hapo ikataja manunuzi yake yaliyokiuka utaratibu. Mama yule aliuliza swali la pili, akajibiwa kwa jibu la swali la kwanza, na ukumbi mzima ukaona amejibiwa.

Sasa nije kwa Plato na meli yake, kwa sababu hapo ndipo hasira yangu ilipo. Hoja ya utaalamu ndiyo hoja pekee dhidi ya wazo hili ambayo siwezi kuipita. Inasikika kama busara, na kwa hiyo hairuhusu hata kujibiwa.

Kwanza, Plato hakuandika hivyo. Mfano wa meli umo katika kitabu cha sita cha Jamhuri, na aliyenijibu aliukumbuka nusunusu. Raia katika mfano ule hawakuwekwa mahali pa abiria. Wamewekwa mahali pa mwenye meli. Plato anamchora mtu mkubwa na mwenye nguvu kuliko wote chomboni, ila ana uziwi kidogo, macho yake hayaoni mbali, na elimu yake ya bahari ni haba. Wanaomzunguka ni mabaharia wanaogombea usukani ilhali hawajajifunza kuushika. Humbembeleza, humlewesha kwa mvinyo na dawa za usingizi, na akishalala huifungua shehena, wakala na kunywa. Anayeijua bahari kweli, anayesoma nyota na pepo, wanamwita mpiga domo asiye na faida.

Soma tena mfano huo ukiwa na kiwanja chetu akilini. Mwenye meli haoni mbali, sawa. Lakini hakuna mahali Plato anaposema meli si yake. Na aliyeifungua shehena si yeye. Mfano ambao nilipigwa nao kama rungu unasema kwamba mwenye mali akishalazwa usingizi, wanaomshibisha sifa ndio wanaomla. Kama kuna dawa ya usingizi niliyoishuhudia kwa macho yangu, ni yale makofi.

Pili, hebu tumkubali nahodha bingwa, yule wa kweli. Anajua nini? Plato huyo huyo ana jibu, katika mazungumzo yaitwayo Gorgias, nami sielewi kwa nini halinukuliwi na wanaoipenda meli. Socrates anasema nahodha huvusha watu kutoka Aegina kwa oboli mbili tu, na akishawateremsha hutembea ufukweni kando ya chombo chake kwa unyenyekevu. Mbona hajivuni, ilhali ameokoa roho za watu? Kwa sababu anajua kwamba hajui ni nani kati ya abiria wale alimfaidi kwa kutomwacha azame, na ni nani alimdhuru. Amewafikisha jinsi walivyopanda, si wema zaidi kimwili wala kiroho. Ujuzi wake unajua namna ya kuvuka. Kama kuvuka kwenyewe kulikuwa na heri, ujuzi huo hausemi lolote.

Hapa ndipo hoja ya utaalamu inapoanguka, na inaangushwa na mkono wa Plato mwenyewe. Mhasibu anajua namna ya kuandika manunuzi ya kiwanja. Mwanasheria anajua namna ya kuhamisha hati. Mpima ardhi anajua mipaka. Hakuna hata mmoja kati yao ambaye elimu yake inamwambia kwamba akiba ya wauza samaki na waendesha bodaboda ilipaswa kwenda kwenye kiwanja badala ya mikopo ya ada za shule. Hilo ni suala la nini kina faida kwetu, na chuo kinachotoa shahada ya nini kina faida kwetu sijakiona.

Tatu, Aristotle alilijibu jambo hili moja kwa moja, na alikuwa mwanafunzi wa Plato kwa takriban miaka 20, kwa hiyo alijua anamjibu nani. Katika kitabu cha tatu cha Siasa analeta pingamizi lenyewe kwa uadilifu: tabibu hahukumiwi ila na tabibu, basi kwa nini hesabu za viongozi zihukumiwe na watu wasio viongozi? Kisha anajibu kwamba zipo kazi ambazo aliyezifanya si hakimu wa pekee wala hakimu bora. Anayeijua nyumba vizuri zaidi ya mjenzi ni anayeishi ndani yake. Usukani unahukumiwa vema na nahodha kuliko seremala aliyeuchonga. Na karamu inahukumiwa na mgeni, si mpishi. Anaongeza kwamba watu wengi wakikutana, hata kama hakuna mmoja wao aliye hodari, huweza kwa pamoja kuona zaidi ya wachache walio bora, jinsi karamu iliyochangiwa na wengi inavyoshinda ile iliyogharimiwa na mmoja. Haoni hili kuwa kweli kwa kila umati, naye anasema hivyo waziwazi. Lakini anataja uamuzi wa mtunga sheria Solon kuwa wenye maana: umma upewe kazi ya kuchagua viongozi na kupokea hesabu zao, hata kama watu wa kawaida hawapewi nyadhifa kubwa. Aristotle hakuwa shabiki wa demokrasia. Hata hivyo alipofika kwenye hesabu, alimpa nafasi mla karamu.

Na mwanafalsafa Protagoras, aliyewatangulia wote wawili, alikwishawekewa swali hili na Socrates. Socrates alitazama mkutano wa raia akaona jambo: wakizungumzia ujenzi wa meli, asiye mjenzi wa meli hupigiwa kelele mpaka ashuke, lakini wakizungumzia uendeshaji wa mji, husimama seremala, mhunzi, mshona viatu, tajiri na maskini, na hakuna anayewauliza wamesomea wapi. Protagoras alijibu kwa kisa. Watu wa mwanzo walikuwa na ufundi wa kila aina, lakini walipokusanyika walidhulumiana, wakatawanyika, wakaliwa na wanyama. Zeus akamtuma Hermes awapelekee haya na haki. Hermes akauliza: nizigawe kama ufundi, tabibu mmoja kwa wagonjwa wengi? Zeus akasema hapana, wape wote, maana miji haiwezi kusimama ikiwa ni wachache tu wenye nazo. Hiki ni kisa, si ushahidi, nami nalijua hilo. Lakini wanaosema hesabu ni za wataalamu nao wana kisa chao, ila hawakisimulii: kwamba Hermes alipofika kwetu aliteremka kwenye ofisi ya bodi peke yake.

Hapa naomba nitoke njiani kidogo, maana kuna kipande cha historia ninachokipenda kupita kiasi. Hayo niliyosimulia juu ya wakaguzi kumi na adhabu ya mara kumi yanatoka hasa katika kitabu kimoja, Katiba ya Waathene, kilichotungwa na Aristotle au na wanafunzi wake. Walikusanya habari za katiba 158 za miji mbalimbali, na karibu zote zimepotea. Hiyo ya Athens nayo ilihesabiwa kuwa imepotea kwa karne nyingi. Mwishoni mwa miaka ya 1880 jumba la makumbusho la British Museum lilinunua mafunjo kutoka Misri, na mwaka 1891 Frederic Kenyon akachapisha yaliyoandikwa humo. Kilikuwa kitabu hicho hicho, kimekosa sehemu ya mwanzo, kimenakiliwa na mikono minne tofauti.

Lakini kilinakiliwa nyuma ya nini? Upande wa mbele wa mafunjo hayo ulikuwa umeshaandikwa. Ni hesabu za shamba la karibu na Hermopolis, katikati ya Misri, za mwaka wa 78 hadi 79 BK, mwaka wa 11 wa utawala wa kaisari Vespasian. Msimamizi aliyeitwa Didymus aliandika humo mapato na matumizi kwa ajili ya mwenye shamba aliyeitwa Epimachus. Karatasi ilipokwisha kazi yake ya shamba, mtu aliigeuza na kunakili nyuma yake kitabu cha Aristotle. Mengi tunayoyajua juu ya namna mji mzima ulivyodai hesabu yamepona kwa sababu kijakazi au kibarua fulani wa Misri alilipwa, na msimamizi akaona ni wajibu wake kuyaandika malipo hayo.

Kila ninapowaza juu ya Didymus na Epimachus, mabishano yangu na mjumbe wa bodi hupata sura mpya. Epimachus hakuwa msimamizi wa shamba. Inawezekana hakujua siku ya kufungulia maji wala siku ya kuvuna. Didymus ndiye aliyejua. Je, kuna mtu angethubutu kumwambia Epimachus, "Bwana, haya mambo ya shamba ni ya kitaalamu, tuachie sisi wasimamizi"? Hakuna. Shamba lilikuwa lake, na hilo lilitosha. Mwenye mali mmoja, tajiri, hapimwi ujuzi kabla ya kuletewa hesabu. Msomi humwandikia kwa lugha nyepesi, humchorea jedwali, humrudia mara ya pili na ya tatu mpaka aelewe. Ujuzi huanza kudaiwa pale wenye mali wanapokuwa wengi na maskini. Kwa hiyo sidhani tena kwamba hoja ile inahusu ujuzi. Inahusu nani anakubalika kuwa ni mwenye mali.

Wagiriki walikuwa na njia ya kulimaliza hili kwa vitendo. Waliandika hesabu kwenye mawe. Hesabu za ujenzi wa Parthenon zilichongwa mwaka hadi mwaka. Hesabu za hekalu la Erechtheion, za miaka ya mwisho ya karne ya tano KK, zinataja mafundi kwa majina, raia, wageni na watumwa, pamoja na kazi waliyoifanya na drakma waliyolipwa kwa siku. Sidai kwamba kila mpita njia alikuwa akisimama kusoma. Jiwe lenyewe lilikuwa linasema kwamba hesabu zina mwenyewe, naye anaweza kuja saa yoyote. Aristotle anashauri pia, katika kitabu cha tano cha Siasa, kwamba makabidhiano ya fedha za umma yafanyike mbele ya raia wote, na nakala za hesabu ziwekwe katika kila udugu, kikosi na kabila. Chama chetu kina matawi. Nakala moja kwa kila tawi ingekuwa gharama ya karatasi.

Yapo mapingamizi mengine, ya haki zaidi kuliko lile la utaalamu. Mji ule ulijengwa juu ya migongo ya watumwa, na mama muuza samaki wa Athens asingeruhusiwa hata kuingia mkutanoni, sembuse kuuliza. Hilo ni kweli, na ni aibu yao. Mahakama zao zilikosea vibaya, zikawaua majemadari sita baada ya vita vya Arginusae mwaka 406 KK na Socrates mwaka 399 KK. Walikuwapo pia watu waliofanya kushitaki kuwa riziki. Na Athens ilikuwa ndogo kuliko nchi nyingi za leo, ingawa si ndogo kuliko chama cha akiba na mikopo.

Hayo nayakubali na kuendelea. Kinachonishangaza zaidi ni kwamba hata Plato, mwenye meli yake, hakubaki pale alipokuwa. Katika Sheria, kitabu cha uzeeni mwake, anasema hakuna maumbile ya mwanadamu yanayoweza kushika mamlaka yote bila kuwajibika na yasijae kiburi na dhuluma. Kwa hiyo mji wake mpya anaupa wakaguzi, wazee wasiopungua miaka 50, wanaochaguliwa na raia wote kwa uangalifu mkubwa. Wanakaa hekaluni, wakifa wanazikwa kwa heshima za ajabu. Kisha anaongeza kifungu ambacho ningependa kila bodi ikikariri: nao wakaguzi washitakiwe wakikosa. Mtu aliyetafuta maisha yake yote mtawala mwenye elimu kiasi cha kutohitaji kuulizwa, mwishowe hakuacha hata mmoja asiyeulizwa.

Lakini kuna jambo ambalo hakuna hata mmoja wao anayenisaidia vya kutosha. Mwenyekiti hakumnyamazisha mama yule. Alijibu tu. Walionyamazisha ni wanachama, wenye mali wenzake, ambao kiwanja kile ni chao pia. Protagoras anasema haya tumepewa wote. Siku ile haya ilikuwamo ukumbini tele, ila ilimwangukia muulizaji. Aliyekuwa na jambo la kueleza alikaa kifua mbele, na aliyeuliza akainamisha kichwa kana kwamba ameomba kisicho chake. Kwetu kuna adabu kubwa ya kutomwaibisha mkubwa mbele za watu, adabu ambayo mimi nimelelewa nayo na sitaki ife. Aristotle anaiweka haya kando ya fadhila kamili. Anasema ni hisia inayowafaa vijana, kwa kuwa mtu mzima hatakiwi kufanya la kumtia haya. Jibu hilo halinitoshi. Haya inaweza kuwa ndiyo nguzo ya hesabu zote, kwa sababu anayejua ataulizwa mbele ya jirani zake hujizuia. Na haya hiyo hiyo inaweza kuwa ndiyo inayozika swali. Sijaona kwa Mgiriki yeyote namna ya kuigeuza uso.

Aristotle angeniambia kwamba watu hujifunza uadilifu kwa kutenda uadilifu, na kwamba mtunga sheria mwema huwazoesha raia mpaka desturi ikomae. Ila sheria sisi tunayo. Sheria yetu ya vyama vya ushirika inaufanya mkutano mkuu kuwa chombo cha juu kuliko bodi. Sheria hiyo ilikuwapo mezani siku tulipopiga makofi.

Ndiyo maana siku hizi namfikiria zaidi mtu ambaye hakuandika kitabu. Ephialtes, mnamo mwaka 462 KK, alilikabili baraza la Areopago, baraza la watu waliokwisha kushika nyadhifa kubwa na ambao walikaa humo maisha yao yote. Alianza kwa kuwashitaki wajumbe wake, mmoja mmoja, kwa namna walivyotumia madaraka. Kisha akaliondolea baraza mamlaka yake mengi na kuyagawa kwa Baraza la Mia Tano, kwa mkutano wa raia na kwa mahakama. Muda mfupi baadaye aliuawa. Plato alikuwa hajazaliwa, na Aristotle angezaliwa karibu miaka 80 baadaye. Wanafalsafa walikuta raia tayari wana desturi ya kuuliza, wakaanza kubishana kama wana haki ya kuuliza. Kama desturi ilitangulia fikra kwa kiasi hicho, basi mimi ninayeanza na fikra, nikitumaini kwamba desturi itafuata, huenda ninasoma kitabu kuanzia mwisho. Mkutano mkuu ujao utamchagua mjumbe wa kamati ya usimamizi, na nimeshamwomba mama yule akubali jina lake lipendekezwe. Hajanijibu.